Nilivyoitwa Mwizi wa Kilomita

Mwaka 2023, mwezi wa Agosti, mvua za pili zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kunyesha Mbale na mimi nikiwa na umri wa miaka hamsini na saba na miezi minne, nilitangazwa kwa kipaza sauti, mbele ya umati, kuwa nimeiba kilomita. Sikuiba. Lakini naona aibu kulieleza jambo hili hata leo, kwa sababu kila hatua iliyonifikisha pale niliichagua mwenyewe, kwa akili zangu timamu.

Nianze na mguu. Alhamisi tarehe 10 Novemba 2022, nikiwa katika chumba changu cha kushonea huko Mafubira, Jinja, kichwa cha cherehani, kile cha chuma cha zamani, kilichomoka mezani na kuuangukia mguu wangu wa kushoto, mifupa miwili ya unyayo ikavunjika, nikafungwa plasta hadi Jumatano tarehe 21 Desemba. (Tarehe hizi sizikisii. Mtu aliyeketi kwenye dawati la darasa la saba akiwa na miaka thelathini na tisa huandika kila kitu, kwa kuwa anakumbuka alivyoishi kabla hajajua kuandika.)

Nikiwa katika plasta alikuja kunitazama mke mwenzangu, Aziza, kutoka Mbale. Marehemu mume wetu alikuwa dereva wa lori kati ya Jinja na Mbale, na aliona vyema awe na nyumba pale safari inapoanza na nyingine pale inapoishia. Mimi ni wa mwanzo. Aziza alinipikia malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kwao, kwa karanga, akanifulia, akanisugulia sufuria, sikuwa na la kulalamika, mpaka jioni alipoutazama mguu wangu uliolala juu ya mto akasema kwa upole kabisa:

"Dada mkubwa, tumshukuru Mungu. Mguu huu sasa kazi yake ni kwenda chooni na kurudi."

Angenitukana ningemsamehe siku ile ile. Lakini upole ule ulinikaa kifuani mwezi mzima, na plasta ilipotolewa, na mtaalamu wa viungo aliponiambia nitembee kwanza na nikitembea bila maumivu nijaribu kukimbia polepole, mimi nilisikia neno kukimbia tu. Machi nilikuwa natembea. Mei nilikuwa nakimbia kila asubuhi kwenye njia ya kuelekea Buwenge, gauni refu juu ya suruali, bandeji mguuni, na majirani wakitoka milangoni kuniuliza, "Mama Rehema, nani kafa?" (kwao mwanamke wa umri wangu hakimbii pasipo msiba).

Mwezi Juni chama chetu cha wanawake, chenye wanachama Jinja na Mbale na ambacho mimi ni katibu wake, kikaalikwa kwenye mbio za kuchangia wodi ya wazazi. Kulikuwa na kilomita tano za kutembea, ambazo wenzangu wote walijiandikisha, na kulikuwa na kilomita ishirini na moja. Nilipoambiwa kwamba Aziza amechaguliwa kugawa maji kwenye kituo cha kugeukia, nilichukua kalamu nikaandika ishirini na moja.

Hapo bado hakukuwa na kosa. Kosa lilikuja Ijumaa tarehe 25 Agosti, nilipomwita jirani yangu anipake hina viganjani na piko nyeusi juu ya mikono, maua yaliyoshikana kutoka kwenye kucha hadi kwenye kifundo, bila kuacha hata nafasi ya kupitisha sindano. Niliwaza picha, mikono yangu ikiwa imeshika medali na Aziza akiwa karibu anaitazama. Sikuwaza kitu kingine.

Jumapili tarehe 27, asubuhi, kabla hatujaondoka mjini Mbale, msimamizi alisoma sheria: tutakimbia barabara ya Tororo, tutageuka kabla ya kufika Busiu, na pale kila mkimbiaji atagongwa muhuri juu ya mkono, kwa kuwa zamani watu walikuwa wakijificha kichakani, wanapanda bodaboda, kisha wanatokea mwishoni wakijifanya wanahema. Asiye na muhuri ataondolewa. Nilisikia kila neno. Nilikuwa nimeinama naifunga upya bandeji yangu nyeupe, na sheria ile niliiona inawahusu wahuni.

Mguu ulinibeba vizuri kuliko nilivyostahili. Kilomita ya saba ulianza kunong'ona, ya tisa ukasema kwa sauti, lakini nilifika kwenye kituo cha kugeukia nikiwa bado nakimbia, na pale alisimama mzee mmoja, askari mstaafu, na muhuri wake wa wino wa zambarau.

"Mama, leta mkono." Nikampa. Akaugeuza huku na huku. "Hapa hakuna nafasi. Maua tu."

"Tazama kiganja."

"Hii pia nyekundu yote. Sasa mimi nagonga wapi?"

"Gonga kwenye bandeji, afande. Upesi, muda unakwenda!"

"Amri nasema mkono."

"Na mguu si kiungo?"

Akatazama foleni iliyokuwa ikiongezeka nyuma yangu, akaguna, akainama, akagonga. Muhuri ulitokea vizuri sana juu ya kitambaa cheupe.

Hatua kumi mbele ilikuwa meza ya maji, na nyuma yake Aziza, kizibao cha kamati juu ya baibui, kikombe mkononi, anaruka kama msichana. "Assalaam alaykum, dada mkubwa! Mashallah! Umefika! Kunywa maji!"

Nikapita. Sikuitikia. Niliinua kidevu nikatazama mbele, kwa sababu nilikuwa nimeipanga picha hiyo tangu Juni: yeye amesimama na kikombe, mimi napita bila kuhitaji kitu chake. Kutoa salamu ni hiari lakini kuitikia ni faradhi, hilo nimewafundisha wajukuu wangu wote, na wala nisisingizie uchovu. Pumzi ya kusema maneno mawili nilikuwa nayo.

Baada ya hapo mvua ikashuka. Bandeji ililowa, ikalegea, ikaanza kuburuta nyuma yangu, na waendesha bodaboda waliojikinga chini ya paa la duka wakapata burudani yao.

"Mama, mkia naanguka!"

"Kamata mkia, mama! Kamata!"

Nikasimama, nikaifungua yote kwa hasira, nikaifinyanga kama donge, nikaitupa ndani ya shamba la mahindi na kuendelea mbele, na niwaambie ukweli, kwa dakika kadhaa nilijisikia mwepesi kama mwanafunzi.

Nilimaliza kwa saa tatu na dakika kumi na mbili. Pale mwishoni alikaa binti mmoja wa kamati na orodha yake chini ya mwavuli.

"Hongera mama. Muhuri iko wapi?"

Nikamwonyesha mikono. Akaikagua kwa heshima zote. "Hii ni maua, mama. Mimi naomba muhuri."

"Uko kwenye bandeji."

"Bandeji iko wapi?"

Nikatazama mguu wangu mtupu uliojaa matope. "Iko kwenye mahindi," nikasema.

Wakampigia simu yule mzee wa muhuri, na yeye (nadhani kwa kuogopa kwamba alivunja amri) akakana kabisa: "Mimi nagonga mkono tu. Mguu? Hapana, bwana!" Basi mshika kipaza sauti, mtu wa masihara, hakungoja kuelezwa mara mbili. "Namba mia nne kumi na saba anaondolewa! Mama wa Jinja ameiba kilomita!" Umati ukacheka, wenzangu wa kilomita tano, waliokwisha kunywa soda zao, wakageuka wote kwa pamoja, na kicheko cha wageni nilikivumilia lakini kimya chao sikuweza.

Hapo mwanamke mwenye busara angekaa chini. Mimi nilipanda bodaboda. Nilitaka niilete ile bandeji niwatandikie mezani, na sikufikiri hata kidogo kwamba nilikuwa bado na namba kifuani na kwamba njiani kulikuwa na wakimbiaji wa mwisho mwisho na watazamaji wenye simu. "Ndiyo huyu!" walipiga kelele. "Huyu ndiye anapanda boda!" Nikawajibu kwa mkono, nikazidi kuharibu, kwa kuwa katika picha naonekana nawapungia. Shamba nililitafuta, lakini kando ya barabara ile mashamba ya mahindi yamefuatana na yote yanafanana, nikarudi mikono mitupu, na kabla sijashuka picha ilikuwa imekwisha kuingia kwenye kundi la chama, chini yake mtu ameandika: "Katibu wetu kwa magurudumu mawili."

Aziza alikuwa ameletwa kutoka kituoni na magari ya kamati. Binti wa orodha akamwuliza kama alimwona mama huyu akigeuka.

Aziza akanitazama kuanzia kilemba hadi matope. "Nilimwona mtu aliyefanana naye," akasema. "Lakini dada mkubwa ninayemjua mimi huitikia salamu." Akaenda zake kuosha vikombe.

Jumanne tarehe 29 mwenyekiti wa chama akanipigia simu, kwa adabu, kwamba wanachama wanaomba niliweke kando daftari la kumbukumbu mpaka jambo hili liishe. Daftari lile nimeliandika miaka kumi na moja. Nimewahi kumkatalia mwanachama kutia sahihi kwa sababu tarehe ilikosewa kwa siku moja, na sasa nilikuwa mtu asiyeaminiwa kuandika nani amehudhuria. Nikaandikia kamati ya mbio barua ya malalamiko, kurasa mbili, na wakajibu kwamba watanisikiliza nikileta shahidi mmoja wa kituo cha kugeukia. Shahidi gani? Mzee wa muhuri alishakana. Alibaki mmoja duniani.

Ijumaa tarehe 8 Septemba nilisimama kwenye mlango wa Aziza, Mbale, nikatoa salamu. Ndani nilisikia mchele unapepetwa, na haukusita. Nikatoa ya pili. Mchele ukaendelea. Nikatoa ya tatu, ya mwisho, maana baada ya ya tatu mtu huondoka.

"Wa alaykum salaam, dada mkubwa. Pita." Nilipoketi akasema, "Ya kwanza niliisikia."

"Najua."

"Nilikuwa pale tangu alfajiri nikikungoja wewe. Wengine waulize, maji yao nilikuwa namwaga tu."

Nikamwomba radhi. Haikuwa rahisi, na sitaiandika ilivyokuwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini. "Nitakuja kusema. Lakini nitasema yote niliyoyaona, si nusu."

"Hata lile?"

"Hasa lile."

Jumamosi tarehe 16 Septemba 2023, saa nne asubuhi, kamati ilikaa. Mwenyekiti wake, mwalimu mstaafu wa Mbale, alianza kwa kusema shahidi asiwe ndugu wa mlalamikaji, kisha akamwuliza Aziza uhusiano wetu.

"Si ndugu yangu," Aziza akajibu. "Ni mke wa mume wangu."

Wakatazamana. Mmoja akasema hiyo ni familia, mwingine akasema hiyo ni kinyume cha familia, wakabishana mpaka mwenyekiti akagonga meza. "Mke mwenza akija kumtetea mke mwenzake, mimi sihitaji shahidi wa pili. Sema, mama."

Akasema yote: piko, mzee kuinama, muhuri wa zambarau kwenye bandeji, salamu, kidevu changu. Kidevu alikionyesha kwa kukiinua chake, na chumba kizima kikacheka, na mimi niliketi wima nikakipokea kicheko kile, kwa sababu bila kidevu kile ushahidi usingekuwa kamili.

Uamuzi uliandikwa na kugongwa muhuri: namba 417 alikimbia njia yote, amepewa medali, ni wa saba kutoka mwisho, tena ilithibitishwa kwamba "alipita kwenye meza ya maji bila kuitikia salamu ya shahidi." Nimeapa kwamba sitapaka piko tena karibu na mbio zozote, na kwamba anisalimiaye njiani nitasimama, hata kama nyuma yangu wanakuja wote sita. Mchana ule ule chama kilinirudishia daftari, na kwa kuwa uamuzi wowote unaomhusu mwanachama lazima unakiliwe na katibu, nilinakili wote kwa mkono wangu, na sentensi ile ya salamu ikiwemo, nikaweka tarehe, nikatia sahihi.