Siku Niliyomvisha Mjomba Kanzu ya Idi Mbele ya Wabunge

Sitaficha: mpaka leo nikipita karibu na ule ukumbi wa Makadara huvuka upande wa pili wa barabara, hata kama jua linaniunguza na kivuli chote kiko upande wa ukumbi, kwa sababu ndani yake, mbele ya wabunge saba, mpiga picha wa gazeti na nusu ya watu wa mtaa wetu wa Kuze, nilijiaibisha mimi na nikamwaibisha mzee aliyenilea, na yote yalianza na kanzu. (Baadhi yenu mnakijua kisa hiki kwa juu juu. Mnachokijua ni kile kipande cha kuchekesha.)

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini na mimi ndiyo kwanza nimerudi Mombasa baada ya kuzurura miaka kumi na minne, Lamu mwaka, Tanga miwili, kisha Mwanza, Kisumu, Nakuru, kila mji nikifika nasema hapa ndipo, na baada ya miezi naanza kuota mbaazi za nazi za asubuhi za kwetu, nafunga mkoba nirudi nyumbani, lakini najikuta nimeshukia mji mwingine kabisa. (Msiniulize. Sijui.) Nilirudi na mkoba uleule mmoja. Mjomba Sefu, ndugu wa mama yangu, akanifungulia mlango kana kwamba nilitoka kununua viberiti, akasema, "Umekuja? Kuna chai," basi, hakuniuliza jingine.

Mjomba alikuwa karani wa mizani katika godauni la majani chai kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu alipewa mkono, barua ya shukrani na saa ya ukutani. Pensheni hakuna, kwa sababu zamani zile mwajiri ndiye aliyechagua nani aandikishwe kwenye mfuko wa uzeeni na nani aachwe, na Mjomba aliachwa, wala hakuambiwa kwamba ameachwa. Sasa ikaja habari kwamba kuna sheria mpya inatungwa: mtu akishaajiriwa tu anaingizwa kwenye mfuko papo hapo, apende asipende, na bosi wake apende asipende. Kamati ya Bunge ikawa inazunguka kuwauliza watu, na ikatangaza kwamba Mombasa itakaa siku moja. Mjomba na wenzake wanane wa godauni walikuwa na haja moja tu: kiongezwe kifungu kwa ajili ya wale wa zamani walioachwa nje, nao wapate japo kidogo. Siku ile ikipita bila ya jambo lao kuandikwa, ndiyo imepita.

Asubuhi yenyewe Mjomba akatoka chumbani na kikoi chake na shati la kazini lililofubaa kwenye mabega.

"Ndivyo unavyokwenda hivyo?" nikamuuliza.

"Kwani nakwenda kuoa?"

"Mjomba, wale ni waheshimiwa. Wakikuona hivyo watasema umekuja kuomba."

Laiti ningeumwa jino wakati ule nikashindwa kusema! Neno hilo la kuomba lilimwingia. Akarudi ndani, na mimi nikaona nimefanya jambo la maana, nikakimbia kwa jirani yetu Bi Rukia, nikaazima kwake kanzu nyeupe ya Idi na joho la marehemu mumewe, nikaomba na kipande cha udi, nikazifukiza nguo mpaka chumba kikawa hakionekani. Wazee wengine walipokuja kumpitia Mjomba na kumwona yuko vile, kila mmoja akarudi kwao kubadilisha. Mzee Mbarak, ambaye maisha yake yote hajakubali kupitwa, akaja na joho la mkwewe linaloburuzika chini na bakora ya mpini wa fedha. Tulipokuwa tukipita vichochoroni wanawake walichungulia madirishani, mmoja akauliza, "Jamani, nani anaoa leo?" na Mzee Mbarak akajibu, "Mimi, bibi, ukikubali!"

Kama hiyo haikutosha, nikasema tena wageni hawapokewi pakavu. (Nani aliniuliza?) Wazee wakachangishana, na wabunge walipoingia wakakuta mezani sinia la halua, kaimati na dele la kahawa.

Wa kwanza kusema alikuwa mwenye duka la kanga wa Biashara Street, akalia kwamba kumwandikisha kila mtu ni mzigo, ana vijana wanaokaa miezi miwili wakaondoka. Mwenyekiti wa kamati, mtu wa bara, mnene, mwenye macho yasiyotulia, akamkatiza: "Sasa ukimwachia mfanyakazi achague mwenyewe, atachagua lini? Akiwa na miaka sabini?" Watu wakacheka. Akasimama mpagazi wa bandarini akasema wao hawataki kukatwa mshahara kwa ajili ya uzee wasioujua kama wataufikia, naye akahojiwa mpaka akatoa jasho. Nikajiambia huyu mwenyekiti ndiye, huyu anachimba, akifika kwa wazee wetu atachimba mpaka aone.

Akafika. "Wazee wetu, kwanza asanteni kwa hii halua. Sasa niambieni, maisha iko aje?"

Mzee Mbarak akainuka na joho lake. "Alhamdulillahi, mheshimiwa. Tu wazima, hatuna neno."

"Hakuna shida yoyote?"

"Mungu anatusitiri."

Karani wa kamati akaandika. Akainuka wa pili: alhamdulillahi, hatuna neno. Wa tatu vilevile. Ndugu zangu, nilikuwa nimesahau (miaka kumi na minne!) jinsi kwetu mtu mzima anavyoulizwa hali. Kwetu ukiulizwa mara ya kwanza unashukuru. Ukiulizwa ya pili unashukuru tena. Ni mpaka mtu akuvute pembeni, mkae, akushike mkono, ndipo unapomfungulia kidogo kidogo ya nyumbani kwako, tena kwa sauti ya chini. Mtu kusimama ukumbini, mbele ya wakwe na majirani, akasema usiku analala na njaa? Bora afe. Na kamati ina saa moja tu na wazee tisa, haina wakati wa kumvuta mtu pembeni. Kisha mimi nimewapaka manukato.

Zamu ya Mjomba ikafika. Mwenyekiti akamtazama juu mpaka chini. "Mzee unang'ara kabisa. Nani anakutunza?"

Mjomba akaliweka joho sawa mabegani. "Nina mpwa wangu, yule pale. Alikuwa safarini. Kila mwezi hunitumia, hajakosa hata mmoja."

Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Mimi! Katika miaka yote ile nilimpelekea Mjomba kitu kimoja, kifuko cha dagaa kutoka Mwanza, na yule niliyempa akilete alikila nusu njiani.

"Simama kijana, tukuone!" (Nilikuwa na miaka arobaini na mbili.) Nikasimama, wakanipigia makofi. Mwenyekiti akawageukia wenzake, akasema, "Mnaona? Huku pwani jamaa ndio mfuko wenyewe. Karani, andika hiyo: hawa wa zamani wanatunzwa na watu wao, hawahitaji kifungu chao."

Nikaiona kalamu inakwenda. Naapa nilikuwa sioni kitu kingine ukumbini ila ile kalamu, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Si kweli, mheshimiwa! Sijamtumia hata senti! Huyu anakunywa chai ya mkandaa, haina hata maziwa, na kipande cha mkate asubuhi, na usiku hivyohivyo! Hiyo kanzu si yake, ni ya marehemu mume wa Bi Rukia, na joho la Mzee Mbarak ni la mkwewe, na hiyo halua unayokula wamechangishana, na leo hawana cha kupika!"

Mwenyekiti alikuwa na kipande cha halua karibu na mdomo. Akakirudisha kwenye sinia, polepole, kama mtu aliyeshikwa nacho. Upande wa wanawake Bi Rukia alijifunika uso wote kwa buibui. Mkwe wa Mzee Mbarak, mwenye joho lenyewe, ambaye sikujua kama yupo, alikuwa safu ya pili. Wala sikuthubutu kumtazama Mjomba.

Mwenyekiti akanirudia mimi, na sasa kule kuchimba nilikokungoja kwa wazee kukanishukia mimi kichwani. "Wewe umefanya kazi wapi na wapi?" Nikazitaja, zikafika tisa. "Na huko kote ulijiandikisha kwa mfuko?" Nikasema nilikuwa nikiletewa fomu. "Ukafanya nini nayo?" Nikasema niliirudisha, maana nilijua sikai. "Mara ngapi?" Nikasema mara zote. "Na ukizeeka, utatunzwa na nani?"

Akapiga meza. "Waheshimiwa, huyu sasa! Huyu ndiye sheria hii inamtafuta!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko, hata yule mwenye duka la kanga alikuwa anajipangusa machozi.

Ndipo Mjomba akaja pale niliposimama, taratibu, na joho lake. Akamwambia mwenyekiti, "Mheshimiwa, mwie radhi. Ametoka safari, na njaa humpotosha mtu maneno." Akatia mkono mfukoni, akatoa noti, akanipa. "Chukua, mwanangu. Nenda ukale."

Na mimi nikaichukua! Mpaka leo najiuliza kwa nini. Nadhani ni kwamba nimelelewa na mkono ule, ukinyooshwa, wangu unakwenda wenyewe. Taa ya kamera ikawaka.

Karani akauliza, "Sasa mzee, niandike nini?"

"Andika nililosema mimi, Sefu," Mjomba akasema. "Sina shida."

Tuliporudi nyumbani Mjomba akalivua joho, akalikunja, kisha kutoka mfuko wa kanzu akatoa bahasha kubwa ya kaki akaiweka mezani. Nikaifungua. Ilikuwa waraka, umeandikwa kwa hati nzuri na mwalimu mmoja mstaafu, na ndani yake mlikuwa na yote: miaka ya kila mzee godaunini, kazi aliyofanya, jinsi alivyoachwa, anachokula sasa, na chini yake saini na alama za vidole za wazee wote tisa.

"Nilikuwa nimpe mwenyekiti mkononi wakati wa kuagana," akasema. "Mambo haya mtu hupewa mkononi, akayasome kwao."

"Mjomba, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Nikaikwapua bahasha nikakimbia mpaka hoteli walikokuwa wanakula wabunge. Karani akausoma ukurasa wa kwanza wima mlangoni, uso ukambadilika, na nadhani alihuzunika kweli. "Lakini huyu wa kwanza si ndiye aliyesema hana shida?" Nikasema ndiye. "Basi aje mwenyewe aseme anabadilisha kauli. Tunaondoka saa kumi."

Nikarudi mbio. Mjomba akasema, "Siendi. Nikishasema mbele ya watu, nimesema." Nikaenda kwa Mzee Mbarak, nikamwambia basi nendeni nyinyi wanane, mkatie sahihi zenu upya. Alikuwa amekaa barazani bila joho, amekuwa mdogo ghafla. Hata matusi hakunitukana. "Tukienda sisi," akasema, "Sefu atakuwa mwongo. Unataka tumfanyie hivyo, baada ya yako?" Saa kumi ikapiga, magari ya kamati yakavuka daraja, na bahasha ilikuwa mkononi mwangu.

Gazeti lilitoa picha siku ya pili: mimi nimenyoosha mkono, Mjomba ananipa noti. Wazee wa Mombasa, waliandika chini yake, wanajimudu na wanawasaidia vijana wasio na kazi.

Mngetegemea nifunge mkoba, na kweli niliutoa chini ya kitanda. Lakini nikafikiri, nikiondoka, Mjomba ndiyo atakuwa amesema uongo kabisa. Nikaenda kwa yuleyule mwenye duka la kanga, akanicheka kwanza mpaka akachoka, kisha akanipa kazi ya kukunja na kupanga. Alipotaja fomu ya mfuko nilikuwa nimeshatia saini. Mwisho wa mwezi nikampelekea Mjomba sehemu kubwa ya mshahara. Akaipokea bila kuitazama, akasema, "Si niliwaambia wale?" akaendelea kumimina chai.

Hakusema hivyo kwa kunikejeli. Ingekuwa kejeli ningelala vizuri zaidi.

Basi nimekula yamini. Ya jikoni kwa mtu sitayatoa ukumbini tena, hata kwa nia njema, hata nikiona kalamu inaandika uongo mbele ya macho yangu. Nitamsogelea mwenyewe kwanza, nimuulize polepole, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na akisema tena hana neno, nitakaa naye palepale mpaka awe nalo.