Binzari Ndani ya Bloku

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na la tatu lenyewe nilikaa nusu, kwa hiyo ukikuta sentensi yangu imepinda, inyooshe mwenyewe uendelee. Lakini habari za maji ndani ya injini usininyooshe. Hizo nazijua. Nimeshusha injini za dizeli hapa Tabora, mtaa wa Chemchem, nyuma ya nyumba yangu, tangu viganja vyangu vikiwa laini, na nasema bila haya: mafundi wengi hutafuta ugonjwa kwenye pistoni, kumbe ugonjwa umekaa kwenye maji.

Lori ninalotaka kulisimulia lilikuja likivutwa na trekta. Mwenyewe ni mama mkulima, mjane, Mmoraviani wa kuimba sauti ya pili kwaya ya kanisani, mtu wa maneno machache. Lilikuwa limechemsha mara ya tatu katika njia ya Tura, na safari hii gaskiti ya silinda hedi iliungua, pistoni mbili zikakwama. Dereva wake alishuka na kusimama pembeni, kofia mkononi. Huyo dereva ni Mzaramo aliyeoa Tabora zamani sana, na kwa hiyo ni mtani wangu. Nyie mnajua, babu zetu Wanyamwezi walikuwa wakibeba mizigo kwa miguu hadi pwani, wanafika kwa Wazaramo miguu imevimba, na utani ukaanzia huko. Baba wa babu yangu alikuwa mmoja wao. Inasemekana alikuwa akionja maji ya kila kisima kabla ya msafara kunywa: haya ya kupikia, haya ya kuoshea miguu tu. Nitarudi kwenye maji hayo, nisisahau.

Mama akasema, "Fundi, huyu haangalii maji. Mara tatu! Injini ikifufuka, funguo nampa mtu mwingine."

"Mama, mimi natia maji kila kituo," dereva akasema.

Na mimi, kwa mazoea ya utani, nikadakia: "Mzaramo na maji wapi na wapi! Akisikia ngoma barabarani anashuka, lori linachemka peke yake."

Kwa kawaida angenijibu kwamba Mnyamwezi hana la kusema, kazi yake kubeba. Siku ile aliishia kuizungusha kofia mkononi. Mama alinitazama, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepata shahidi. Nikaona mzaha wangu umekwenda mahali nisikoutuma. Lakini niliinama kuchukua spana. Nilijiambia kazi itasema yenyewe.

Basi tukaivunja injini. Pistoni mpya, ringi mpya, hedi ikapelekwa kuchongwa. Kijana asiyejua angefunga hapo na kuwasha. Mimi nikasema hapana. Injini mpya ukiitilia maji kwenye njia chafu ni sawa na kupika wali mpya kwenye ukoko wa juzi. Nikavua pampu ya maji, nikavua thamostati inayofungulia maji na mipira yote, nikashusha rejeta.

Rejeta ile ilikuwa ya shaba, si hizi za siku hizi zenye vichwa vya plastiki. Nililoweka ukwaju ndoo mbili, nikachuja, nikaupasha moto kidogo, nikailaza rejeta humo kwenye nusu pipa kutwa nzima. Ukwaju unakula ule ukoko mweupe wa maji ya kisima na shaba hauidhuru. Wapo wanaotumia asidi ya betri. Wapo pia wanaonunua rejeta kila mwaka, na ni haohao. Halafu nikaigeuza kichwa chini nikapitisha maji kutoka chini kwenda juu, maana uchafu ukiusukuma kwa njia ileile uliyoingilia unajibana zaidi.

Marehemu mke wangu alikuwa akisema mimi nazungumza na rejeta zaidi kuliko ninavyozungumza naye. Ni kweli, na sikuona sababu ya kukataa. Tuendelee.

Ikabaki bloku, lile chuma kubwa lenye silinda, ambalo maji huzunguka ndani yake. Ubavuni mwa bloku kuna vizibo vya bati, duara, na fundi mvivu having'oi. Niling'oa vyote. Nikachukua spoku ya baiskeli, ambayo mji huu hauishiwi, nikakunja ncha yake, nikaanza kuchokoa. Kwenye silinda za mbele ulitoka mchanga kidogo na kutu. Kwenye silinda ya mwisho kabisa, kule maji yanakofika yamechoka, spoku iligonga kitu kigumu. Nilichokoa hadi adhuhuri. Ukatoka udongo wa kahawia, mabonge mabonge, umeshikana kama ugali uliolala. Nikavunja bonge moja. Katikati lilikuwa la njano. Nikanusa.

Nilinusa mchuzi.

Nikakaa chini juu ya tairi. Maana nilijua mara moja ile ni nini na ilitoka kwa nani. Ilitoka kwangu. Kiangazi kimoja miaka kadhaa nyuma, mtani wangu yule alinijia na rejeta inavuja, mzigo uko juu, anataka kufika Tura. Nikamwambia: tia binzari ya manjano vijiko vitatu, itaziba. Ikaziba. Akafika. Nikajisifu mji mzima. Lakini dawa ile ni ya kukufikisha nyumbani tu. Ukifika unamwaga maji yote, unasafisha, unatengeneza panapovuja. Hiyo nusu ya pili sikumwambia. Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Sikusahau. Nilipenda aone ni dawa kamili. Naye, kila ilipovuja, akaongeza vijiko vitatu, na juu yake maji ya kisima chochote kilichokuwa karibu, yale ambayo baba wa babu yangu angeyaoshea miguu. Alitia maji kila kituo, kama alivyosema. Yalikuwa hayana pa kupita.

Ningeweza kuufukia udongo ule. Hakuna aliyeuona. Lakini mimi ndiye niliyemfanya yule mama atikise kichwa.

Nikauweka kwenye sinia, nikawaita wote wawili.

"Mama, dereva wako hana kosa la maji. Hii ni binzari. Mimi ndiye niliyemfundisha, na nilimfundisha nusu."

Mama akachukua bonge, akanusa, akalirudisha. "Kwa hiyo kosa lako nimembebesha yeye."

"Ndiyo, mama."

Dereva akatoa sauti ya utani ambayo sikuwa nimeisikia tangu lori livutwe. "Mnyamwezi! Babu zako walibeba mizigo ya watu, wewe unawabebesha watu mzigo wako! Faini ya utani! Jogoo wako yule mwekundu ni wangu."

"Chukua," nikasema. Jogoo wangu bora.

Mama hakucheka. Akaniuliza, "Nitajuaje sasa kwamba usafi wako huu si nusu?"

Hapo nikasimama wima, maana hapo aliniuliza kazi. Nilichemsha maji, nikaimiminia rejeta, nikamwambia apitishe kiganja juu yake polepole, pembe hadi pembe. Mrija ulioziba haupati moto, kwa hiyo mkono ukikuta baridi, pale pamebaki uchafu. Akapitisha. Akarudia. Mkono wa mtu aliyepika maisha yake yote haudanganywi na joto.

"Pote pamoja," akasema. "Haya. Pakieni magunia, mwende Tura mkarudi, nyote wawili. Mshale wa joto ukipanda, yeye ataacha funguo na wewe hutagusa gari langu tena."

Nikaziba kwa risasi pale rejeta ilipokuwa ikivuja, nikafunga kila kitu mahali pake, nikajaza maji ya mvua niliyokuwa nimeyakinga kwenye mapipa, tukaondoka asubuhi na magunia ya mahindi. Mimi nilikuwa na hakika. Hata hivyo macho yangu hayakuondoka kwenye ule mshale.

"Unautazama kama bibi harusi," mtani akaniambia.

"Endesha."

Pale kwenye mchanga, ambapo lori lilikuwa likichemsha kila mara, akaingiza gia ndogo, injini ikanguruma kwa muda mrefu. Mshale ukafika karibu na nusu. Ukakaa. Mzaramo akaanza kupiga ngoma kwenye usukani, nami nikamwacha.

Tulirudi jua limeinama. Mama alikuwa uani kwangu akingoja. Alitazama chini ya lori kama kuna tone, akatazama mshale. Dereva akamnyooshea funguo kwa mikono miwili.

"Za nini?" mama akasema. "Kesho si kuna mzigo?"

Jogoo alikamatwa jioni ileile, kwa kelele nyingi, na mtani akawa na ujasiri wa kuniomba na kiungo cha kumpikia. Nikampa binzari kwenye karatasi. Nikamwambia kijiko kimoja, si vitatu, na akimaliza kula aoshe sufuria siku hiyohiyo, mpaka chini.