Katibu aliyeruka mkono wa mzee Ainebyona

Saa kumi na mbili asubuhi, umande bado mzito, Agnetha Katusiime (48) anachuma kahawa katika shamba la tajiri mmoja hapa Nyaishozi. Vidole vinakwenda mbio. Macho hayainui.

Kila debe analipwa Sh1,000. Ni katibu wa umoja wa vibarua, na ndiye aliyeshikilia kwamba umoja uwaingize pia wachungaji wanaochunga ng'ombe wa tajiri huyohuyo kule Rugera.

"Nilizunguka nikihubiri: wa jembe, wa fimbo, sote wavuja jasho," anasema. "Mdomo ninao, hilo sikatai."

Mwezi uliopita, baada ya umoja kuwakubali, wachungaji watatu walikuja kikaoni, nyumbani kwake. Huku mgeni hakai bure. Mwenyeji huzungusha kikapu cha kahawa ya kutafuna, na kila mtu hunyoosha mkono kupokea. Agnetha alipowafikia wale watatu, akawapita.

"Mzee Ainebyona alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikamruka. Msimu uliopita ng'ombe walimaliza maharage yangu yote. Wala hawakuwa wa kwake, maskini, ni wa tajiri. Lakini mimi nilimwona Mhima tu, kabila la wafugaji, moyo ukakataa."

Mzee alirudisha mkono taratibu, akaaga kwa heshima, akaondoka na wenzake. Waliobaki wakadhani wanawahi kukamua.

Wiki mbili baadaye vibarua waligoma, wakidai Sh1,500. Tajiri akawaingiza wachungaji shambani, nao wakachuma. Siku ya tatu mgomo ukafa. Tangu hapo umoja mzima unawaita wasaliti, na katibu anayejua kisa chote amenyamaza.

"Mbona hujawaambia wenzako, mama?" anaulizwa.

Kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaacha kuchuma.

"Aibu, mwanangu. Hata kanisani siku hizi nakaa nyuma kabisa. Watu wananisifu nina msimamo, nami naitikia, ee, asanteni. Najichukia."

Jumapili umoja utapiga kura kuwafuta wachungaji uanachama. Agnetha anasema Jumamosi atakwenda Rugera kwa miguu kumwomba mzee radhi, akubali asikubali. Kesho yake ataomba kusema kabla ya kura.

"Nitawaambia yote, mbele ya wote. Halafu nitawaambia, kama kuna wa kufutwa, anzeni na jina langu."