Beringi Isiyotaka Grisi

Kabla ya kusomea ufundi wa helikopta nilikuwa fundi kwenye kiwanda cha chai huku kwetu Rungwe, na pale kila kinachozunguka kilipakwa grisi. Ndiyo maana beringi za maungio ya rota, ile inayozunguka juu ya helikopta, zilinishangaza. Ndani zina utando mwembamba wa nyuzi na gundi, unaoteleza wenyewe hata ukibeba mzigo mkubwa. Ukiupaka grisi unauharibu. Kazi yako ni kuuangalia tu. Ukianza kuisha hutoa vumbi jeusi, na beringi inaanza kucheza.

Asubuhi ile niliona vumbi. Nikapima: beringi ilikuwa inacheza kupita kiwango. Nikamwambia bosi wangu.

"Spea iko njiani," alisema. "Hii ni safari moja tu. Saini kwamba iko salama."

Rubani alikuwa rafiki yangu, mtu wa Msasani, hapa Tukuyu. Tulizoea kutaniana Kinyakyusa ili wenzetu kazini, watu wa mikoa mingine, wasituelewe. Alishavaa kofia, ananisubiri mimi.

Nilisaini. Sikushikiwa panga.

Njiani helikopta ilianza kutetemeka vibaya, rafiki yangu akaishusha shambani kwa kishindo. Abiria walitoka wazima. Yeye alivunjika uti wa mgongo. Mimi nilinyang'anywa leseni, nikarudi Kawetele kwenye migomba ya baba.

Ilipita miezi sijaenda kumwona. Siku nilipoenda nilibeba mkungu wa ndizi. Mama yake akanipokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Wenzake wote wamemtupa."

Rafiki yangu alikuwa kitandani, blanketi limelala juu ya miguu kama halina kitu chini yake. Mama alipoenda jikoni, akaniuliza polepole, "Wachunguzi waliniambia kuna vumbi. Uliliona?"

"Nililiona."

"Ukasaini."

"Nikasaini."

Nilitaka anitukane. Aliniomba tu nimgeuze aelekee ukutani, maana mwenyewe hawezi. Nilimwinua, alikuwa mwepesi mno.

Mama alirudi na chai, akanikuta nimesimama.

"Unaondoka? Usichoke kuja, mwanangu. Wewe ndiye ndugu yake sasa."

Kumbe mwanawe hakuwa amemwambia kwamba nilisaini. Nami sikumwambia. Sijarudi tena pale, na kila tukikutana sokoni yule mama hunishika mkono na kunishukuru kwa zile ndizi.