Bi Kalunde Alivyompima Baba

Kutoa injini na springi mbili za mbele za gari la baba kuligharimu shilingi elfu kumi na nne na mia tano, na jogoo mmoja. Nimehesabu mara mbili. Jogoo hakuwemo kwenye makubaliano, lakini habari zake zinakuja.

Hesabu hiyo ilinirudia wiki iliyopita pale Gerezani, nikiwa nabishana na muuza vipuri juu ya bei ya bushi nne. Nilikuwa nimeshamshusha vizuri tu, kabaki kulia njaa, mara akafunua boksi. Ikatoka harufu ya grisi iliyopigwa na jua miaka, imechanganyika na kutu na vumbi la gunia. Nikanyamaza. Kijana akadhani nimeafiki. "Nikufungie, mama?" Nikalipa. Sijawahi kuibiwa na pua yangu namna ile.

Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa uani kwetu, Kariakoo, nilipokuwa na miaka tisa. Baba alikuwa na gari dogo la zamani, la rangi ya chai ya maziwa, na lilikuwa limefungwa uani kama mbuzi. Aliliingiza humo lilipoharibika, kisha akajenga ukuta kuzuia wezi. Ukuta ulipokauka ndipo akakumbuka kwamba mlango aliouacha unapitisha mtu na ndoo, basi. Mama alianza kuanika dagaa juu ya boneti.

Baadaye akapatikana mnunuzi wa Buguruni aliyetaka injini na springi za mbele. Gari lingetoka vipande vipande. Baba akamkodi Shomari, fundi kijana wa Gerezani, lakini akamwambia wazi kwamba anakuja kushika spana, kazi mwenyewe anaijua. Baba alikuwa mtu wa karakana ya reli. Alikuwa ameshiriki kunyanyua vichwa vya treni, na mtu akishanyanyua kichwa cha treni, gari dogo analiona kama mkebe wa watoto wenye visoda kwa magurudumu.

Mimi nilipewa kopo la maziwa niweke nati na bolti. Nilizihesabu zikafika arobaini na moja, nikazimwaga, nikarudia: arobaini na moja. Baba akanisifu. Injini yenyewe ilitoka kwa heshima zote. Walisimamisha mabomba matatu kama mafiga, wakatundika cheni bloku, wakavuta taratibu, krr, krr, krr, na ile injini ikainuka ikidondosha oili nyeusi kama kahawa ya wazee. Shomari alisema watu wote wakae mbali, na baba akakubali. Laiti angeendelea hivyo.

Injini ilipokwisha kulala kwenye gunia, Shomari akajikuna kisogo.

"Mzee, samahani. Springi tungezitanguliza injini ikiwa bado ndani."

"Kwa nini?"

"Uzito, mzee. Springi imebanwa pale. Ukiifungua, jeki ndiyo inaishikilia kutoka chini, na juu inagandamizwa na uzito wa gari. Sasa mbele pamekuwa pepesi. Jeki ikipanda, gari zima linapanda nayo, springi haibaniki. Itachomoka na mtu."

"Shomari."

"Naam, mzee."

"Umewahi kunyanyua kichwa cha treni?"

"Hapana, mzee."

"Nipe spana ya kumi na saba."

Baba akaifunga springi kwa kamba ya katani, mizunguko sita. Gari lilikuwa limekaa juu ya matofali ya saruji, mawili kila upande, na moja lilikuwa na ufa. Akatandika mkeka, akalala chali, kichwa chake sawasawa na ile springi. Nilimwona Shomari akirudi nyuma hatua mbili. Fundi akirudi nyuma, hata mtoto anajua maana yake.

Mama alikuwa jikoni, mlango wazi. Akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Zuhura, kimbia kwa Bi Kalunde, mwambie naomba sindano ya kushonea. Halafu mwambie baba yako kalala chini ya gari."

Bi Kalunde alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya tatu, Mnyamwezi wa Tabora. Sisi ni Wazaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Kwa asiyejua, mtani ni mtu anayeruhusiwa kukwambia mbele za watu neno ambalo ndugu yako akilisema mtapelekana kwa mjumbe. Kukasirika huruhusiwi. Ukifa, yeye ndiye atakayezuia jeneza njiani mpaka alipwe. Nilipompa ujumbe, alisimamisha cherehani katikati ya pindo. Sindano hakuishika. Alitoka vilevile, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

Alipoingia uani hakusalimia. Alipiga magoti kwenye miguu ya baba na kuanza kumpima, kisigino mpaka kifuani, kwingine akakisia.

"Nani huyo?" baba akauliza kutoka chini.

"Tulia. Maiti haisemi. Futi tano na nusu, ila kwa ubishi wa kichwa hiki naongeza nusu futi. Mama Zuhura! Sanda unataka ya bei gani?"

"Ya bei nafuu tu, shoga," mama akajibu kutoka jikoni, hata hakugeuka.

"Nguo za eda nitakushonea bure. Bado kijana wewe, utaolewa tena. Safari hii tafuta mwenye gari linalotoka nje."

Shomari aliziba mdomo kwa kitambaa cha grisi. Wapangaji wakaanza kuchungulia milangoni.

"Niondokee, mbeba mizigo wewe!" baba akafoka, lakini sauti ilishaanza kucheka.

"Mizigo ya misafara tumebeba, tena mpaka ya babu zako waliokuwa wamekaa wanakula nazi. Ndiyo maana uzito tunaujua." Akaegemea bampa kwa mkono mmoja, gari likanesa kama kitanda cha kamba. "Angalieni jamani! Mtu ametoa injini, halafu anaweka kichwa kwenye springi! Gari hili naliinua mimi na mgongo wangu mbovu. Hiyo springi itasukumana na nini, na dagaa?"

Kisha akakaa chini, akanyoosha miguu, akaanza kilio cha msiba, cha sauti ya juu kabisa, akitaja sifa za marehemu: hodari wa kujenga kuta, bingwa wa treni, aliyeuawa na mkebe. Uani pakawa hapasikilizani kwa kicheko. Nikaona tumbo la baba likitikisika. Mtu hawezi kucheka na kufungua nati kwa wakati mmoja. Akajiburuta akatoka, machozi yanamtoka, ametapakaa oili.

"Haya, Shomari," alisema akijifuta. "Hebu rudia ulivyokuwa unasema."

Shomari alikwenda Gerezani akakodi kibano cha springi. Wakaondoa matofali, wakaweka mataruma mawili ya reli. Springi wakaibana, wakapitisha na mnyororo kwenye mizunguko yake, wakaufunga kwenye chesisi. Baba alifungua nati akiwa amechuchumaa pembeni. Springi ya kulia ilitoka kimya. Ya kushoto, kibano kikateleza.

Ilikuwa sauti moja tu, kaa! Springi iliruka, mnyororo ukaidaka, ikabaki inaning'inia na kutetemeka. Kuku wote walihama. Baba aliitazama springi, akautazama mkeka, akanyoosha mkono kati ya hivyo viwili kama anayepima. Hapakufika hata urefu wa mkono. Akaukunja mkeka, akauingiza ndani mwenyewe, akatoka na jogoo wetu kwapani. Akampa Bi Kalunde.

"Mdogo," alisema Bi Kalunde, akambeba.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipoona kasha la kushonea la mama. Lilikuwa na sindano kumi na nane. Nilizihesabu mara mbili, kisha nikamuuliza ile ya Bi Kalunde aliitakia nini. "Mume humkanyi mbele ya fundi wake," alisema. "Ningemkataza, angeingia mpaka kiunoni." Miaka yote nilidhani nilitumwa sindano.

Baba aliondoka uzeeni, kitandani kwake. Bi Kalunde yupo, Buguruni, kwa mwanawe. Ana kidonda mguuni kisichopona mwezi wa tatu huu, na hataki kusikia habari ya hospitali. Wanawe wamembembeleza, wamelia. Juzi wakanipigia: "Dada Zuhura, sisi tumeshindwa. Mtani ni wewe." Nilikwenda, nikamwambia nimeuletea mteja ule mguu. Akaniuliza bei, akaniona mjinga kwa kuuza rahisi, tukacheka, tukanywa chai, nikarudi nyumbani. Mguu umebaki palepale.

Kesho saa tatu naenda tena, na bajaji nitaiacha inasubiri mlangoni. Nyie mnaojua kutania, nisaidieni: mtu kama huyu anatukanwa nini, acheke mpaka ainuke?