Mashina Mia Tatu Ni Mtu Mmoja

Saa moja na nusu asubuhi, umande haujakauka, mwanamke mfupi mwenye kilemba cha kijivu anainama kwenye mzabibu wa kwanza wa safu ya kumi na tisa. Anabandua gome kwa ukucha na kutazama chini yake. Anagonga shina kwa kitako cha mkasi, anasikiliza. Kisha anachovya brashi kwenye kopo la rangi nyekundu na kuchora mstari mmoja, upana wa vidole viwili.

Mzabibu huo utang'olewa.

"Huu una miaka kumi na minane," anamwambia mwandishi wa gazeti bila kuinua macho. "Ukipogolewa vizuri utazaa miaka mingine miwili. Lakini miwili haimtoshi tajiri."

Wenzake humwita Mama Mkasi. Ana umri wa miaka hamsini na mmoja, na ishirini na mitatu kati ya hiyo ameimalizia kwenye shamba hili la zabibu za kuuza nje. Hakuna mtu hapa anayeujua mzabibu kama yeye. Ndiyo maana kopo la rangi amepewa yeye, na ndiyo maana siku hizi anakula peke yake. Akipita, wapo wanaonong'ona: "Jificheni, mtoa roho kaja!" Zamani mzaha huo ungemchekesha.

Hesabu ya shamba ni nyepesi, tena mbaya. Kila mfanyakazi hutunza mashina mia tatu. Huyapogoa, huyafunga kwenye waya, hupunguza vichala, huvuna. Mwaka huu mwenye shamba ameamua kung'oa mashina elfu tatu, na kwa hiyo watu kumi wataondoka.

"Mimi sichagui watu, nachagua mizabibu," anasema. "Lakini nani atanielewa? Safu zikijaa rangi, mwenye safu anaaga."

Miaka kumi iliyopita shamba lilijaza makontena arobaini kwa msimu. Malori yalipanga foleni hadi barabarani, na wafungaji waliimba wakipanga maboksi. Msimu uliopita yalitoka makontena tisa, na nusu ya chumba cha baridi sasa inahifadhi matairi mabovu. Nchi yenyewe ni ndogo, na mnunuzi wa ng'ambo akiikosa hata hajui kama ameikosa.

Kwanza wanunuzi walitaka zabibu kubwa zaidi. Watu wakapunguza vichala mpaka vidole vikapasuka. Kisha wakataka maboksi madogo. Mwisho wakasema zabibu hizi zina mbegu, na wateja wao wamechoka kutema mbegu.

"Nilicheka siku ile," anakumbuka Mama Mkasi. "Nikasema, kwani mbegu inauma? Kumbe nilikuwa naucheka msiba wangu mwenyewe."

Nchi kubwa zilikuwa zimeshang'oa na kupanda upya zamani. Msimamizi wa shamba, mwanamume mpole mwenye kikohozi kisichokwisha, hafichi kitu. "Na sisi tutapanda zisizo na mbegu, ila miche ni ghali, tutapanda robo tu ya eneo. Itachukua miaka mitatu kuzaa. Siwezi kumwambia mtu anisubiri getini miaka mitatu."

Leo zimebaki safu tatu za mwisho, za bondeni. Ni mashina mia tatu kamili. Mwenye safu hizo ni wifi yake Mama Mkasi, mdogo wa marehemu mumewe.

Wanaishi ua mmoja, milango yao inatazamana. Ni Mama Mkasi aliyemleta hapa miaka kumi na miwili iliyopita na kumfundisha namna ya kushika mkasi. Safu alizopewa ziko mahali maji ya mvua yanapotuama, mizizi inaoza. Si kosa lake, na kila mtu shambani anajua si kosa lake.

Njia ya kumwokoa ilikuwepo. Juu mlimani ana safu baba mmoja mwenye watoto sita, mizabibu yake ni mizima. Kama Mama Mkasi angesema imeugua, msimamizi angeamini, maana neno lake halipingwi.

"Nilipanda hadi kule na kopo langu," anakiri. "Nikagonga shina la kwanza, likaitika kama kitu kizima. Mkono ukagoma. Nikarudi nalia kama mtoto."

Jioni ile, wakianua nguo uani, alimweleza wifi yake ukweli. Wifi alikunja shuka, akaliweka begani. "Mkono ulionifundisha kazi ndio unaonipaka rangi? Kweli, wifi, kikulacho ki nguoni mwako." Hawajasalimiana tangu siku hiyo, na leo ni siku ya nane. Wifi akihitaji chumvi, hutuma kuiomba nyumba ya tatu.

Kufikia saa sita mchana, Mama Mkasi amepaka mashina mia na kumi. Goti linamgomea. Anaketi chini katikati ya safu, kopo mapajani, uso umemshuka.

Wifi anatokea mwisho wa safu. Ni mwanamke mrefu, mwenye mwendo wa haraka, mkasi ukichungulia mfukoni mwa aproni. Wafanyakazi wa safu za jirani wanaacha kazi na kutazama. Anafika, ananyoosha mkono.

"Lete brashi."

"Acha, wifi. Nitamaliza mwenyewe."

"Utamaliza lini, na unavyogonga kila shina kama daktari? Mimi nayajua haya. Huu mbovu. Ule mbovu. Ule pale umenivunja mgongo miaka mitano, haujanipa hata kichala cha maana."

Anapaka. Anapaka upesi, rangi ikimrukia viganjani. Mama Mkasi anajikongoja nyuma yake akimshikia kopo. Karibu na waya wa mwisho wanafika kwenye mzabibu mmoja mnene, umenyooka, machipukizi yake ya kijani kibichi. Wifi anasimama mbele yake.

"Huo mzima," Mama Mkasi anasema. "Uache."

"Nimwachie nani?"

Anaupaka.

Saa nane msimamizi anapita na daftari. Mashina ni elfu tatu, hakuna lililozidi wala kupungua. Wifi anauweka mkasi wa shamba juu ya kreti, anafuta viganja kwa majani, anaondoka bila kumuaga mtu.

Mama Mkasi anabaki kazini, na kubaki huko hakumpi raha. Mshahara wake hutosha gunia la unga, mafuta na nauli ya wiki tatu. Wiki ya nne hutembea kwa miguu. Anaogopa msimu ujao, kwa sababu makontena yakipungua tena, kopo litarudi mikononi mwake.

Akiulizwa ana mpango gani, anajibu kama mtu aliyekwisha kukata shauri.

"Mshahara huu sasa ni wa milango miwili. Binti yake amebakiza mwaka mmoja shuleni. Ada nitalipa mimi, nitatembea wiki zote nne. Nikimwambia atakataa, na hata kumwambia kwenyewe siwezi, hatusemezani." Anamtazama mwandishi usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Basi wewe liandike. Yeye magazeti anasoma, hata la kufungia vitunguu hulikunjua kwanza. Usiandike kwamba naomba msamaha, kazi niliifanya kwa haki. Andika kwamba ada imepatikana, mtoto aende shule Jumatatu. Akitaka kuninunia, aninunie mtoto akiwa darasani."