Mwenzangu wa Ruzuku

Kwa miaka kumi na miwili nilifundisha bila mtu mzima yeyote kuketi darasani mwangu hadi kipindi kiishe. Mwalimu mkuu alichungulia mlangoni akaenda zake. Mzazi alikuja akiitwa, akasimama nje. Mimi ni mtu wa Kianjai, nililetwa huku kwenye ukame wa Embu kufundisha watoto wa Kimbeere, na wenzangu wote hupanda pikipiki saa kumi kurudi makwao. Mimi huvuka uwanja tu, nikaingia nyumba ya mwalimu na kufunga mlango. Kuna Jumamosi ambazo huisikia sauti yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza ninaponunua maziwa.

Kwa hivyo ruzuku ya vifaa na mafunzo ya walimu ilipofika niliifurahia kuliko nilivyoonyesha. Ilitoka kwa wenyeji: makanisa, wanafunzi wa zamani, mfuko mdogo wa elimu wa wadi. Tukaletewa lenzi, mizani, ramani, na vitabu vya hadithi vilivyokuwa bado na majalada. Watoto wangu wa gredi ya nne walitazama mchwa kwa lenzi wiki nzima, hadi mmoja akatangaza kwamba mchwa ana sura mbaya kuliko fisi. Likizo ilipofika tukaenda mafunzo Embu mjini. Mkufunzi akatupanga wawili wawili, kila mmoja na mwalimu wa shule nyingine. Mwenzako angekuja kukaa nyuma ya darasa lako, nawe uende lake, kisha mzungumze. Nauli ni ya ruzuku.

Mwenzangu alikuwa mama mcheshi kutoka shule ya huko juu kwenye chai, mwenye koti zito la sufu. "Madam, mimi ndio nitakuja kwako kwanza," akasema. "Nataka kuona hiyo joto yenu." Nilirudi nyumbani na furaha ya kitoto. Nilitaka mtu mmoja tu anayeijua kazi yangu, nimwambie leo nimekosea hapa, leo nimepatia pale. Sikutaka kingine.

Ndipo nikafanya ujinga ambao walimu wengi tunaujua. Siku moja kabla hajaja nilifundisha somo lote la hesabu za sehemu, nusu na robo, kisha nikawaambia watoto: kesho nikiuliza, nyote inueni mkono. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mgeni angeona mikono yote hewani, nami ningechagua wa kulia.

Somo lilikwenda vizuri mno. Zilipobaki dakika chache, mwenzangu akainuka kule nyuma. "Madam, naeza uliza huyu?" Akamgusa bega msichana aliyekuwa ameinua mkono wa kushoto tangu mwanzo. Msichana hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Machozi yakaanza kumtoka.

Nilikuwa nimepika ndengu na chapati, na kununua sahani ya pili. Baada ya kipindi tukala nyumbani kwangu. "Usijali," akaniambia. "Hiyo ya mikono hata mimi nimefanya miaka mingi. Ukikuja kwangu nitakuonyesha vile niliacha." Mtu mwingine angesikia upole hapo. Mimi nilisikia majigambo. Nilimsindikiza hadi barabarani nikiwa nimenuna, nikamwambia nitakuja Alhamisi.

Sikwenda. Kwanza nilisema nina homa, halafu mitihani, halafu nauli haijaingia, na ilikuwa imeingia. "Kuja tu, Madam, hata kama ni kukaa," akaniandikia. Baadaye nikaacha kushika simu zake.

Yule msichana naye hakuinua mkono wowote kwa wiki mbili. Ilinikata maini. Siku moja nikawaambia darasa kwamba kuanzia leo nitaanza na wasiojua. Hakuna aliyethubutu. Nikachukua lenzi, nikawaonyesha mdudu na kukiri kwamba mimi sijui Wambeere humwitaje. Walinifundisha jina lake kwa kelele, wakacheka matamshi yangu hadi wakashika mbavu. Vicheko vilipotulia, msichana akasema, "Madam, mimi sijui sehemu." Tukaikata chapati yangu ya mchana vipande vinane, tukaanza upya. Kabla ya muhula kwisha alikuwa akiwaeleza wenzake.

Siku ile ya chapati, saa kumi nilivuka uwanja, nikafunga mlango, na sikuwa na wa kumweleza. Upweke ule ulikuwa mbaya kuliko wa zamani, kwa maana huu nilijitakia.

Muhula uliofuata nikapiga moyo konde, nikaomba ruhusa, nikapanda hadi shuleni kwake bila kupiga simu. Nilimkuta anafundisha. Nyuma ya darasa alikuwa ameketi mwalimu mmoja wa makamo, daftari magotini, naye mwenzangu akamtania jambo, wakacheka wote wawili. Aliponiona akatoka na chaki mkononi, akanikumbatia.

"Nilikungoja muhula mzima," akasema polepole. "Ofisi ya ruzuku wakaniuliza kama wanipatie mwenzangu mwingine, nikawaambia wangoje kidogo. Wakangoja. Mwishowe nikaona ni kama hunitaki, nikakubali huyu."

Nilikuwa nimebeba habari zote za msichana na chapati, nimezipanga njia nzima.

"Kazi ilikuwa mingi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akataka niingie nikae, nikasema nitakosa gari. Watoto walikuwa wanamwita ndani.

"Haya basi, karibu siku ingine, Madam," akasema, kama mtu anavyomuaga mgeni.